Uwanja wa shule, msitu, ziara au mtaa: darasa la nje lipi liwafae watoto wa shule ya msingi?

Shule nyingi zikisikia habari za kujifunza nje ya darasa, wazo la kwanza ni basi. Likodiwe, watoto wabebe maji, siku iishe. Kumbe njia ziko angalau nne, na hazifanani: uwanja wa shule wenyewe, eneo la asili linalorudiwa kila wiki, ziara ya mafunzo, na mtaa unaoizunguka shule pamoja na watu wake. Kamati ikikaa kuamua ianze na ipi, mara nyingi hulinganisha gharama peke yake. Mimi hutanguliza swali jingine: mtoto atarudi hapo mara ngapi? Mtoto wa miaka 8 akifika mahali kwa mara ya kwanza huona vitu. Akirudi mara ya tano huanza kuona kilichobadilika, na maswali mengi mazuri ya sayansi na ya historia huanzia kwenye mabadiliko.

Ziara: iwekwe katikati ya mada

Nianze na ziara kwa sababu haihitaji maneno mengi. Kuna vitu ambavyo haviwezi kuletwa shuleni: bwawa la kuzalisha umeme, bandari, jumba la makumbusho, kituo cha hali ya hewa. Kwa hayo ziara haina mbadala. Udhaifu wake ni ugeni. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Marekani, akiwemo John Falk, walionyesha kwamba mtoto akipelekwa mahali pageni mno, nguvu zake nyingi huishia katika kupazoea tu: choo kiko wapi, tutakula saa ngapi, nani atakaa na mimi. Somo huambulia mabaki. Dawa yake ni rahisi, ila wachache huitumia. Siku moja kabla, waonyeshe watoto ramani ya mahali penyewe, waambie ratiba yote hadi ya chakula na choo, kisha wape maswali mawili au matatu ya kwenda kuyatafutia majibu. Karatasi yenye maswali thelathini humfanya mtoto anakili vibao vya maelezo bila kuinua macho.

Jambo jingine ni wakati. Ziara ikiwekwa katikati ya mada, watoto huenda wakiwa na kitu kichwani, na wakirudi bado kuna vipindi vya kukitumia walichokiona. Ikiwekwa mwisho wa muhula kama zawadi, hayo ni matembezi. Matembezi si dhambi, lakini yasiandikwe kwenye andalio la somo.

Uwanja wa shule: uko mlangoni, na unadharauliwa

Uwanja hauna mvuto wa safari. Hata hivyo ndiyo njia pekee ambayo mwalimu mmoja, bila usafiri wala fomu za ridhaa za wazazi, anaweza kuitumia ndani ya kipindi kimoja na kurudi darasani kengele haijalia. Kijiti kilichosimikwa wima kwenye udongo kinatosha wiki nzima ya sayansi na hisabati. Watoto wanaweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya saa moja, wanapima urefu, wanachora grafu. Kisha wanagundua kuwa kivuli kifupi kuliko vyote si lazima kitokee saa sita kamili mchana kama saa ya ukutani inavyosema, na hapo mwalimu hana haja ya kubuni swali la kufuata, watamuuliza wao.

Au chukua mvua. Chombo cha plastiki chenye kuta zilizonyooka, pamoja na rula, kinatosha kuwa kipimamvua. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Watoto wa darasa la tano wakishalielewa hilo, waulize paa lenye mita za mraba 200 limepokea lita ngapi baada ya mvua ya milimita 15. Jibu ni lita 3,000, na wataanza wenyewe kubishana maji hayo yote yamekwenda wapi. Mmoja atafuata mfereji kwa macho hadi kwenye kona ambako udongo umechimbika. Mmomonyoko wa ardhi umeingia kwenye somo kabla mwalimu hajaufikia katika muhtasari.

Sababu ya pili ya kuupenda uwanja inatoka kwa madaktari wa macho. Huko Guangzhou, China, jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 liliwafuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 kwa miaka mitatu. Nusu ya shule hizo ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Miaka mitatu ilipokwisha, watoto waliopata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule zilizoongeza muda, na asilimia 39.5 katika zile nyingine. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni mwanga: hata siku ya mawingu, mwanga wa nje hufika maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), wakati ndani ya darasa la kawaida ni mamia tu. Cha kutazama hapa ni maneno "kila siku". Ziara haiwezi kutoa dakika 40 kila siku, na msitu wa mara moja kwa wiki hauwezi. Uwanja unaweza.

Bustani ya shule nayo iko upande huu, na hapa lazima niwe mkali kidogo. Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe la kujifunzia: wanafunzi washiriki kupanga, waone kwa macho yao mbolea imeleta tofauti gani, waweke kumbukumbu. Wazo hilo bado ni zuri kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye. Lakini katika shule nyingi kilichobaki mkononi mwa mwanafunzi ni jembe, na kulima kukawa hata adhabu ya wachelewaji. Hivyo ndivyo bustani inavyokufa, popote ilipo. Kipimo changu ni daftari. Kama watoto wamepanda mistari miwili, mmoja una mboji na mwingine hauna, na kila wiki wanapima urefu wa miche na kuuandika, hilo ni darasa. Kama wanapalilia tu na mavuno yanaondoka bila wao kujua yalikuwa kilo ngapi, hicho ni kibarua, na mzazi ana haki ya kulalamika.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, amueni pia nani atamwagilia wakati wa likizo. Bustani nyingi za shule hufia hapo. Heri mimea inayokomaa ndani ya muhula mmoja kuliko mradi mkubwa utakaokutwa umekauka.

Eneo la asili: msitu, ukingo wa mto, hata kichaka

Denmark ndiko njia hii ilikoota mizizi. Katika miaka ya 1950 Ella Flatau alikuwa akiwapeleka wanawe na watoto wa majirani msituni, na kutoka hapo ikakua chekechea isiyo na kuta. Mwaka 1993 watu wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda Denmark kujionea, wakarudi na kuanzisha shule ya msituni kwao. Kwa watoto wakubwa kidogo, Denmark na Norwei zina utaratibu ambao Wadenmark huuita udeskole: darasa zima linahamia nje nusu siku au siku nzima, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, likibeba masomo yale yale ya muhtasari. Huu wa pili ndio unaoihusu shule ya msingi, na mara nyingi watu huuchanganya na ule wa chekechea, wakadhani watoto wa darasa la nne nao wataachwa wacheze na matope asubuhi nzima.

Siku ya namna hii ina taratibu zake. Mipaka inajulikana, na imefungwa vitambaa kwenye miti. Kuna mwito mmoja wa kuwarudisha watoto kwenye duara. Kila mtoto ana mahali pake pa kukaa kimya dakika kumi, palepale kila wiki, akichora au kuandika anachokiona. Halafu kazi: kupima mzingo wa shina, kutambua wadudu chini ya gogo, kutunga hadithi inayotokea hapo walipo. Majuma mawili matatu ya kwanza yataonekana kama yamepotea, kwa sababu watoto wanajifunza kuwa mahali hapo kwanza. Mwalimu asiyejua hilo hukata tamaa mapema na kurudi zake darasani.

Hofu ya kawaida ni kwamba watarudi wamevurugika na somo linalofuata litaharibika. Mwaka 2018 Ming Kuo na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo, kwa watoto wa miaka 9 hadi 10. Kwa wiki kumi, walimu walifundisha somo moja kwenye nyasi karibu na shule na jingine linalofanana nalo ndani, kisha watafiti wakatazama kipindi kilichofuata. Baada ya somo la nje, mara ambazo mwalimu alilazimika kukatiza ufundishaji ili awarudishe watoto kwenye kazi zilipungua karibu nusu. Ni utafiti mdogo, wa walimu wawili tu, na sitaki kuukuza. Ila unajibu hofu hiyo moja kwa moja, na unasema jambo jingine pembeni: ilikuwa nyasi karibu na shule, haikuwa msitu mkubwa. Shule isiyo na msitu isijione imekosa tiketi. Miti sita na ukingo wa kijito vinatosha, mradi vifikike kwa miguu. Mimi huweka mpaka wa robo saa ya kutembea. Zaidi ya hapo, njia itakula kipindi.

Usalama hapa ni hesabu ya pande mbili: hatari iko wapi, na faida ya kuikabili ni ipi. Kupanda mti hadi kimo cha mabega ya mwalimu kuna faida iliyo wazi. Kukaa chini ya matawi makavu siku ya upepo mkali hakuna faida yoyote, na wazoefu wa kazi hii huahirisha kwa sababu ya upepo mara nyingi kuliko kwa sababu ya mvua. Watu wazima wawe wawili angalau, kwa sababu iliyo nyepesi kueleweka: mtoto mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na mwingine anabaki na darasa. Ajulikane pia nani ana mzio wa nyuki, na dawa yake imebebwa na nani. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, nenda ukaikague njia mwenyewe siku moja kabla. Kama kiti hakipiti, tafuta mahali pengine pa darasa zima. Kumwacha na msaidizi shuleni kunaharibu kile ulichotoka kukijenga.

Mtaa: njia ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipa alama za juu

Mtaa ni watu. Fundi seremala, muuguzi, mzee aliyeishi hapo tangu barabara haijawekwa lami, mtu wa idara ya maji anayejua bomba linapasuka wapi. Kuwatumia kama walimu si jambo la jana. Patrick Geddes, mwanazuoni wa Uskoti, aliuchukua mnara mmoja wa Edinburgh mwaka 1892 akaufanya mahali pa kujifunzia: unaanza juu kabisa, unautazama mji wenyewe, kisha unashuka ghorofa kwa ghorofa, kutoka mji hadi nchi, hadi Ulaya, hadi dunia. Mpangilio huo nausifu kwa sababu vitabu vingi vya maarifa ya jamii bado huupindua, vikaanza na sayari na kumalizia na kijiji. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, katika shule ya majaribio aliyoifungua Chicago mwaka 1896, aliwafundisha watoto kwa kufuma, kupika na useremala, akiingiza historia na sayansi ndani ya kazi hizo.

Karibu zaidi na siku zetu, mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake huko Tucson, Arizona, Marekani, walifanya jambo dogo lenye matokeo makubwa. Walimu walizitembelea nyumba za wanafunzi, na hawakwenda kushtaki utovu wa nidhamu. Walikwenda kuuliza familia inajua kufanya nini. Wakakuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, biashara, tiba, ufundi wa magari, mwingi wake haujawahi kutajwa darasani. Masomo yakajengwa juu ya huo. Makala yao ya mwaka 1992 bado husomwa vyuoni. Kwa mtoto ambaye lugha ya kufundishia si ya nyumbani kwao, hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtaa na msitu: msituni anaweza kung'ara kwa mikono na macho, lakini mtaani anang'ara kwa kile ambacho mama yake anakijua.

Je, mradi wa jamii wenye maana unaonekanaje? Watoto wa darasa la tano wanasimama na mwalimu nyuma ya uzio, mahali wanapovukia barabara. Wanahesabu magari kwa dakika 20 asubuhi, na 20 nyingine mchana, siku tatu mfululizo. Wanachora grafu, wanaandika barua, wanaipeleka kwa ofisi inayohusika na barabara, na mtu wa ofisi hiyo anakuja kujibu. Hisabati imo, lugha imo, uraia umo, na jibu lina mwenyewe. Au watoto wanawahoji wazee kuhusu mto. Mzee mmoja anasema ulikauka kabla ya daraja kujengwa, mwingine anasema ni baada. Hapa mwalimu asikimbilie kuwaambia nani amekosea. Watoto watafute picha ya zamani, mtu wa tatu, tarehe iliyochongwa kwenye daraja lenyewe. Kupima ushahidi unaopingana ni stadi ambayo kitabu cha kiada hakiwezi kuifundisha vizuri, maana kitabu huja na jibu moja tayari.

Ugumu wake nao ni mkubwa. Roger Hart, katika andiko alilolifanyia UNICEF mwaka 1992, aliuchora ushiriki wa watoto kama ngazi yenye vidato vinane, na vitatu vya chini kabisa akasema si ushiriki: kuwatumia watoto kwa hila, kuwafanya pambo, na kuwashirikisha kwa jina tu. Miradi mingi ya jamii hukaa hapo chini. Watoto wanavalishwa fulana zenye maandishi, wanapigwa picha wakiokota taka, wageni wanapiga makofi, na kesho yake hakuna mtoto anayejua taka zile zilitoka wapi. Wazee nao huweza kufanywa pambo: wanaalikwa, wanasimulia, wanashukuriwa, basi. Ukitaka kujua mradi uko kidato gani, tazama nani alichagua swali na nani anasubiri jibu. Kama ni mwalimu na mgeni rasmi, watoto ni wapambe.

Pia mtaa una siasa zake. Watoto wakipima usafi wa maji na kukuta kisima cha mtu fulani kina shida, shule imeingia kwenye ugomvi. Mwalimu mkuu ajue mapema, na matokeo aonyeshwe mwenye kisima kwanza kabla ya kubandikwa ukutani. Ridhaa ya wanaohojiwa iombwe, na picha za watoto zisisambazwe ovyo.

Mfano wa kutia moyo wa jinsi mradi mdogo unavyoweza kukua ni Roots & Shoots, mpango wa vijana ambao Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Hao walikuwa wa sekondari, ila utaratibu wake unafaa hata kwa watoto wadogo: vijana wenyewe wanatazama watu, wanyama na mazingira yaliyowazunguka, wanachagua tatizo, kisha wanalifanyia kazi.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa madarasa ya chini, watoto wa miaka 6 hadi 8, uwanja na eneo la asili vinashinda bila ubishi. Mahojiano na barua vinataka kuandika na kuvumilia, na wengi wao hawajafika huko. Mtaa kwao uwe matembezi mafupi ya kuchora ramani ya njia moja. Kuanzia miaka 9, mtaa unapanda haraka na kuyapita mengine.

Kwa masomo, hisabati inafaidika zaidi uwanjani, mahali vipimo viko tayari na unaweza kurudia kipimo kilichokosewa kesho yake. Lugha na historia ni za mtaa. Sayansi hugawanyika: mimea na wadudu kwenye eneo la asili, hali ya hewa na vivuli uwanjani. Mtoto mpole asiyenyoosha mkono darasani mara nyingi hufunguka kwenye nyasi kabla hajafunguka mbele ya mgeni, kwa hiyo usianze naye kwa mahojiano.

Mzigo wa mwalimu hutofautiana sana. Ziara inachosha kila inapofanyika, kwa barua, orodha na usafiri. Eneo la asili linachosha mwanzoni, kisha taratibu zikishashika huwa jepesi. Uwanja karibu hauchoshi. Mtaa unachosha kwa namna ambayo haiandikwi kwenye ratiba: simu, kumtembelea fundi jioni, kusubiri ofisi ijibu. Shule inayotaka mradi wa jamii imwondolee mwalimu kazi nyingine, vinginevyo mradi utakufa muhula wa pili na atalaumiwa yeye.

Mwenye darasa la watoto 60 na hana msaidizi asijaribu msitu. Aanze uwanjani na vikundi vya wanne wanne, kila mtoto na kazi yake: mpimaji, mwandishi, mtunza muda, msemaji. Bila mgawo huo, watoto 60 nje ni mapumziko tu.

Kama ningepewa shule ianze mwaka kutoka sifuri, muhula wa kwanza ningeutumia uwanjani peke yake, hadi watoto na walimu wazoee kutoka na kurudi bila fujo. Muhula wa pili, mradi mmoja wa mtaa kwa madarasa ya juu, mmoja tu, wenye mtu wa nje anayesubiri jibu. Ziara ingeuhudumia mradi huo. Kama watoto wanafuatilia maji, waende kwenye mtambo wa kusafishia maji. Eneo la asili ningeliongeza kwa madarasa ya chini endapo liko ndani ya ile robo saa ya kutembea. Likiwa mbali, ningepanda miti uwanjani na kusubiri.

Mzazi anayelinganisha shule mbili, zote zikijinadi kuwa zinafundisha nje, aombe kuona daftari la mtoto yeyote wa mwaka jana. Kisha aulize mvua ikinyesha inakuwaje. Shule yenye mpango hujibu hapohapo: kuna banda la kujikinga, kuna makoti, kuna kipimamvua cha kwenda kusoma. Ikijibu kwamba siku hiyo huahirishwa, aulize mwaka huu imeahirishwa mara ngapi.